Hema la Bafta

Nichekeni tu, nimestahili. Wakati wa vita vya pili nguo ilikuwa adimu, hata wengine wakizikwa kwa mikeka. Mimi, karani wa Kibiti mwenye maringo, nikapanga na wenzangu wawili tushuke mto Rufiji kwa chelezo cha mianzi, siku nne, tukilala ufukweni, hadi Mbwera kwa rafiki yetu Salumu. Hema lilikuwa jukumu langu. Nikabembeleza dukani mpaka nikapata bafta nyeupe, nikashona, kisha nikaliandika maneno makubwa kwa rangi nyekundu.

Tulifika Mbwera asubuhi tukiimba na kugonga debe. Watu walijaa bandarini. Nikadhani wamekuja kutupokea, nikazidisha sauti. Mjomba wake Salumu akaingia majini, akalikumbatia furushi la hema letu la bafta huku analia.

"Mmeleta sanda! Nani aliwafikishia habari kwamba Salumu ametutoka?"

Nilipaswa kusema kweli palepale. Badala yake nikainamisha kichwa, nikapokea shukrani za kijiji kizima.

Wakafumua mishono, wakaitandaza bafta mkekani mbele ya wafiwa. Mjomba akayasoma taratibu maneno yangu mekundu: "Raha tupu."

Akanitazama.

"Mwanangu," akauliza kwa upole, "kwani mlikuwa mnakwenda wapi?"