Mji Wetu Ulivyogeuka

Mji wetu umegeuka mara mbili, na mara ya pili nilikuwepo, nikipiga makofi. Sisemi kwa mafumbo. Maduka yenyewe, milango na veranda zake, yaligeuka: yaliyokuwa yakitazama machweo yakaanza kutazama macheo, na mahali palipokuwa pa vyoo na majivu pakawa mbele. Nikiwasimulia wenzangu wa kazini huko Kibwezi, wanasema natia chumvi. Chumvi ya nini, na mambo yenyewe yalikuwa matamu hivyo!

Ukitaka kufika kwetu, chukua barabara inayoteremka kutoka milima ya Mbooni, ile ya kona za kumtia mtu kichefuchefu, uifuate kuelekea Salama. Migomba itapotea, joto litakupiga usoni, udongo utakuwa mwekundu mpaka kwenye meno. Hapo utaona safu moja ndefu ya maduka yaliyoshikana bega kwa bega, hata paka hapati pa kupenya. Magharibi ya safu ndiyo barabara. Mashariki ni mto. Mgeni akiuona huo mto hucheka, kwa kuwa karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Mwache acheke. Achimbe kidogo tu kwa mikono, maji hayo hapo, baridi na matamu. Mto wetu unapitia chini, ndivyo ulivyoumbwa.

Hapo zamani mji ulitazama mto. Nyanya, mama yake baba, alikuwa akituambia kwamba wachuuzi wa ng'ombe kutoka upande wa Kitui walivuka hapo, wakanywesha mifugo, wakalala, na vibanda vya kwanza vilijengwa kwa ajili yao, milango ikielekea mchangani. Halafu wakati wa mkoloni watu wakalazimishwa kuchimba barabara kwa majembe, upande wa pili. Waliichukia wakati wa kuichimba, lakini lori la kwanza la pamba lilipopita, wenye maduka wakatoboa milango upande huo na kuupa mto mgongo. Hiyo ndiyo historia yetu, na sijui kama mtu amewahi kuiandika. Kila kitu kinachopita, sisi tunakigeukia.

Hoteli ya mama iko katikati ya safu. Anauza chai, chapati, na muthokoi laini wa mahindi yaliyokobolewa, uliochanganywa na mbaazi, ambao madereva wa malori ya matunda huuota wakiwa Mombasa. Baba ndiye aliyeijenga. Kuta tatu ni za matofali ya kuchoma kama za majirani, lakini ule wa nyuma, unaoelekea mtoni, aliujenga kwa mawe meusi aliyoyachagua moja moja na kuyaleta kwa mkokoteni wa ng'ombe. Ndicho kitu cha mwisho alichojenga. Aliumaliza, akaugua, hakuinuka tena. Mama alikataa kuupiga plasta. Kila alasiri, wateja wakipungua, huweka kigoda chini ya ukuta huo, ndani, na kuegemeza mgongo wake kwenye mawe, kwa kuwa hubaki baridi hata mwezi wa pili.

Basi, vigingi vikaja.

Vijana waliovaa vizibao vya manjano walishuka kwenye pikapu, wakasimamisha chombo chao cha miguu mitatu nyuma ya maduka, wakapigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu kwenye mstari ulionyooka, kati ya maduka na mto. Wakanywa chai kwa mama, wakalipa, wakaenda zao. Hawakuwa wamefika hata kwenye kona ya kanisa mji ulipolipuka. Lami! Lami inakuja! Tulikuwa tumeahidiwa lami na kila mtu aliyewahi kusimama juu ya gari akiwa na kipaza sauti, na sasa hii hapa, imepimwa, imepigiwa vigingi. Ukimngoja mgeni miaka mingi, ukisikia hodi huulizi ni nani, unafungua tu.

Kila mtu akawa mhandisi. Ati barabara ya zamani ina ule mgongo wa mwamba karibu na kanisa, nani ataupasua? Ati kule nyuma ni tambarare, lazima lami ipite huko. Hata mimi nilisimama na kijiti nikiwachorea watu vumbini mahali ambapo magari yangekata kona. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, na naikumbuka kwa upendo.

Kwetu kazi kubwa haifanywi na mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuna mwethya, kundi la kazi ambalo leo linakwenda kwa huyu na kesho kwa yule, kwa nyimbo na vumbi na kelele. Mwethya ndio unaochimba matuta shambani na kuinua nyumba za wajane, na sasa mwethya ukageuza mji. Walianza mwisho wa safu, wakatoboa kuta za nyuma, wakaweka fremu, wakaziba milango ya zamani kwa matofali yaleyale. Vyoo vilifukiwa na vingine kuchimbwa kando. Duka la dawa za mifugo liligeuka, kinyozi akageuka, mwenye mashine ya kusaga akageuka. Jirani yetu wa karibu pia akageuka, yule mama wa Kiislamu ambaye familia yake ilikuja na mbuzi kutoka Garissa ikabaki kuuza vitambaa na maziwa. Huyo alikuwa rafiki mkubwa wa mama. Kila jioni walikaa pamoja kwenye veranda yetu, na hakuna aliyepita hapo bila kusemwa.

Kisha zamu ya mama ikafika.

Mwethya una sheria moja ambayo hata mlevi haivunji: mwenye kazi ndiye anayeanza. Kama ni shamba, yeye ndiye anayepiga jembe la kwanza. Kama ni ukuta, nyundo ya kwanza ni yake. Asipogusa, hakuna anayegusa. Walikuja asubuhi na nyundo, tindo na sururu, wakasimama nyuma ya hoteli wakiwa wameshaanza kuimba. Mama alitokea na birika kubwa, akamimina chai, akagawa mikate, akarudi ndani kwa kuzunguka safu nzima.

Walikunywa, wakangoja. Mwenyekiti wa mwethya, mama mwenye sauti ya kufukuza tembo, akaita juu ya ukuta:

"Dada! Tumemaliza chai!"

"Kuna ingine," mama akajibu kutoka ndani.

"Si ukuje uguse tu kidogo, sisi tumalizie?"

"Nimesema kuna ingine."

Nilikimbia ndani. Damu ilikuwa imenipanda kichwani.

"Mwaitu, mama, gari zitakuwa zinapita huko nyuma! Mtu ashuke kwa lami aone nini? Mawe?"

"Aone mawe mazuri."

"Na wewe utauzia nani chai?"

"Wewe hunywi chai?"

Nilitamani kuichukua nyundo mwenyewe, lakini mimi si mwenye nyumba. Jua lilipoanza kuuma watu waliokota vyombo vyao, wakamshukuru kwa chai na kwenda nyumba inayofuata. Hakuna aliyemkasirikia. Ukuta ulikuwa wa marehemu, na walijua. Mimi ndiye niliyekasirika, kwa sababu nilikuwa naogopa. Hoteli ndiyo iliyonisomesha, na hoteli ndiyo iliyomtoa mama kitandani baada ya kumzika baba. Bila hoteli sikujua mama angekuwa nani.

Mji ukamaliza kugeuka. Upande wa barabara ukabaki ukuta mrefu wa milango iliyozibwa, na katikati yake mlango mmoja tu, wa mama, na veranda yenye viti viwili.

Halafu lori likaja. Mji mzima ulitoka kulipokea, wengine na vigelegele. Lilikuwa limebeba mabomba meusi ya plastiki.

"Na lami iko wapi?" kinyozi akauliza.

Msimamizi wa mwanakandarasi alimtazama, akatazama maduka, akatazama ile milango mipya inayonuka rangi, na nadhani hapo ndipo alipoelewa. "Lami?" akasema. "Mzee, sisi ni watu wa maji."

Kisha mwenyekiti wa mwethya akaanza kucheka, akashika tumbo, akakaa chini, na kicheko kikaenda kwenye safu yote kama moto kwenye nyasi kavu. Tulicheka mpaka wafanyakazi wa mabomba wakaanza kutuogopa. Tulikuwa tumebomoa mji kwa ajili ya bomba!

Lakini nani analia akiletewa maji? Kioski cha maji kikajengwa huko nyuma, katikati kabisa, mkabala na ukuta wa mama. Foleni ya mitungi ikaanza alfajiri. Palipo na foleni pana mazungumzo, na palipo na mazungumzo atakuja mwenye kuuza mahamri. Mara stendi ya boda boda ikahamia huko, miche ya sukuma wiki ikaota pembeni ya bomba, wauza nyanya wakatandaza magunia. Kila nilipokuja nyumbani mwisho wa wiki nilikuta kitu kipya, na sikujua nianze kufurahia kipi.

Mbele kwa mama hapakuwa na kitu. Madereva wa malori walisimama, ndiyo, na mzee mmoja mmoja aliyekataa kubadilisha mazoea. Yule rafiki yake wa vitambaa mwanzoni alikuwa akizunguka safu nzima kuja kukaa, lakini ana duka, ana wateja, na magoti yake si ya kuzunguka. Kiti chake kikakaa wazi. Mama akifuata maji alizunguka na mtungi, akajaza, akasalimia, akazunguka kurudi, maana chai ilikuwa jikoni na hakuwa na wa kumwachia. Nilimwambia mara mbili kwamba ukuta bado unaweza kubomolewa. Alinipa chapati nile ninyamaze.

Na kisha, jamani, lami ikaja kweli!

Mama ndiye aliyenipigia simu. "Kuna tingatinga hapa mbele," akasema, kana kwamba ananieleza habari za mvua. Niliomba ruhusa kazini, nikapanda boda boda kutoka Salama, na nilipofika nilipiga kelele kama mtoto. Ule mgongo wa mwamba ambao nani ataupasua ulikuwa umepasuliwa. Barabara ilipita palepale pa zamani, nyeusi, pana, inang'aa, na mji wote ulikuwa umeipa mgongo. Mji wote isipokuwa mlango mmoja! Msafiri akishuka pale haoni duka, haoni kinyozi, anaona ukuta, ukuta, ukuta, na mama amesimama na birika.

Wateja walijaa hadi wengine wakala wamesimama. Watu wa mji wakawa wanakuja kumpa mkono. "Huyu mama aliona mbali," wakasema, naye akawajibu kwamba hakuona chochote, yeye alikataa tu. Mimi nilirukaruka jikoni, nikamkumbatia kwa nyuma akiwa anakanda unga.

"Tumeshinda, mwaitu! Sasa ni wewe peke yako!"

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi peke yangu." Akaendelea kukanda.

Jumamosi iliyofuata aliita mwethya.

Tulifikiri anataka kupanua veranda. Lakini alitupeleka kuzunguka safu, mpaka nyuma, akasimama mbele ya ukuta wa baba akiwa na nyundo na tindo mkononi. Foleni yote ya maji iligeuka kututazama. Rafiki yake akatoka dukani na futi yake ya kupimia vitambaa bado shingoni.

Mwenyekiti alishika kiuno. "Dada, lami iko huko mbele. Watu wote wanatafuta vile watatoboa ukuta warudi huko. Wewe uko na mlango tayari. Huku unataka nini?"

"Najua lami iko wapi."

"Sasa?"

Mama aliweka kiganja kwenye mawe. Kwa muda nilidhani angerudi kutuletea chai.

"Miezi yote hii nakaa hapo ndani, nimeegemea huu ukuta," akasema, "nawasikia mkicheka huku. Na mimi sijui mnacheka nini."

Akaweka tindo kwenye mstari kati ya mawe mawili, akapiga. Baba alijenga vizuri, ukuta haukutikisika. Akapiga tena. Sheria ilikuwa imetimia tangu pigo la kwanza, na mwenyekiti alinyoosha mkono apokee nyundo, lakini mama hakuitoa. Alipiga mpaka chokaa ikaanza kumwagika, mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, mpaka jiwe moja likalegea na akalivuta kwa mikono miwili na kulilaza chini taratibu, akakaa papo hapo vumbini. Mvuke wa chai ukatoka kwenye tundu.

Ndipo mwethya ulipoanza kuimba. Rafiki yake hakuimba. Alikuja akashuka kwa magoti yake mabaya, akakaa chini karibu naye, akamfunga kitambaa vizuri kichwani. Mama alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, na mikono yote miwili ikiwa nyeupe kwa chokaa alimshika mabega.

"Haya," akasema. "Niambie yote. Anza na siku ile mliyogeuka."