Kamba ya Kiunoni

Wiki ile fundi mapaa hakukaa kitako. Akiletewa chai, aliinywa amesimama. Kabla haijaisha alikiacha kikombe dirishani akaenda kuujaribu ugwe wa upinde wake kwa kidole. Mkewe alimwambia anamtia kizunguzungu.

Sababu ilikuwa mnara. Chama chao cha wapiga upinde, alichoingia enzi ambazo kila mtu aliuchonga upinde wake mwenyewe, kilikuwa kimepata kamati mpya, na kamati ikapata mbao, ikajenga mnara uwanjani. Jumamosi kila mwanachama angepanda juu na kulenga shabaha iliyo chini. Atakayeikosa angehamishiwa benchi la wazee, wale wanaookota mishale ya wenzao na kupiga makofi. Na wa kuamua walikuwa watu wenye pinde za kisasa, zenye vigurudumu kwenye ncha, walizozinunua dukani zikiwa tayari.

Kwa hiyo alifanya mazoezi juu ya dari ya nyumba yake, kando ya tangi la maji. Chini uani lilisimama gunia la maranda lenye duara jeusi. Mshale wa kwanza ulipita juu ya gunia ukagonga ukuta. Wa pili ukaufuata.

Shemeji yake, seremala aliyeleta gunia lile, alikuwa ameegemea mlango wa jikoni.

"Shemeji, leo unawinda mawingu?"

"Nyamaza, unanitia nuksi."

"Unashusha mkono. Mwili umesimama kama nguzo, mkono peke yake ndio unaotazama chini. Si wewe uliyenifundisha kukunja kiuno?"

Ndiye yeye. Vuta kwanza kana kwamba uko uwanjani, mabega na mkono mstari mmoja, halafu inama kutoka kiunoni, mstari usivunjike. Maneno aliyajua, mwili ndio uliokataa. Miaka yote ya kuezeka ilikuwa imeufunza jambo moja: ukikaribia ukingo, egemea nyuma. Walioegemea mbele alikuwa amewazika. Kila alipoanza kuinama, visigino vilijikita, mgongo ukarudi nyuma, na mkono ukashuka wenyewe kulitafuta gunia.

Mkewe alitokeza na ndoo ya nguo, akasimama mlangoni kando ya ndugu yake.

"Funga kamba," alisema.

"Kamba ya nini?"

"Ya kiunoni. Kama wanavyofunga mafundi wa siku hizi."

"Kamba ni ya mbuzi." Hivyo ndivyo alivyozoea kuwaambia hao mafundi. "Nimeezeka nusu ya mtaa huu bila kamba."

"Na kila ulipokuwa juu, mimi chakula hakikupita kooni. Hukuwahi kuuliza."

Alilizunguka tangi, akalizunguka tena.

"Shemeji," aliita mwishowe, "lete hiyo kamba."

Upande mmoja waliufunga kwenye nguzo ya tangi, upande wa pili kiunoni mwake. Akavuta, akanyoosha mabega, akainama. Kamba ilikaza, na mwili ukaamini. Mshale ulizama pembeni mwa duara. Uliofuata ukaingia ndani yake.

"Basi Jumamosi umeshapita," alisema shemeji.

Shemeji aliposhuka, fundi aliifungua kamba ajaribu kama alivyojizoeza maisha yake yote. Mkono ukashuka. Mshale uliruka gunia na kutoboa shuka lililoanikwa ukutani.

Mkewe alilianua, akachungulia kwenye lile tundu.

"Jumamosi nani atakuwa amesimama nyuma ya shabaha?" aliuliza, akaingia ndani.

Usiku ule mumewe hakulala vizuri. Jumamosi alifika uwanjani upinde mkononi, kamba begani. Chini ya mnara alikutana na fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi chini yake.

"Mzee, umeleta kamba? Mbuzi yuko wapi?"

"Ndiye huyu," alisema, akapanda. Juu aliifunga kamba kwenye nguzo, akalivuta fundo mpaka likaguna, akavuta upinde, akainama.

Siku ile hakuokota mshale wa mtu.