Mashine ya Mapokezi Inalala

Mume wa dada yangu kazini tunamwita Mbona. Ni fundi wa kompyuta, na jina hilo kalipata kwa haki, maana sijawahi kumwona akapewa jibu akaridhika nalo. Dada akiunguza chakula, shemeji hagombi. Anachungulia sufuria na kuuliza, "Mbona kimeungua upande mmoja?" Siku hizi dada anacheka. Mwanzoni alikuwa analia.

Mimi natunza stoo katika zahanati ya macho anakofanya kazi yeye, kwa hiyo namtania nyumbani na kazini, hana pa kukimbilia.

Pale mlangoni yupo mama anayeandikisha wagonjwa, Mama Mapokezi, miaka kumi na moja kwenye kiti kilekile. Anaingiza jina la mgonjwa kwenye kompyuta yake, na daktari aliye chumba cha pili analiona. Miezi mitatu nyuma kompyuta hiyo ilianza kupoteza mtandao. Asubuhi foleni ikiwa imefika barazani, inachapa kazi bila neno. Foleni ikiisha, pakatulia, halafu akatokea mgonjwa mmoja, hakuna mtandao. Mama alijitafutia dawa yake. Alichomoa waya wa mtandao nyuma ya mashine, akauchomeka tena, mambo yakarudi.

Siku moja mkuu wa zahanati akamkuta ameshika waya. Na kwenye skrini yake ofisini, mkuu huyo huona mashine zote zilizo kwenye mtandao, na ya mapokezi ilikuwa ikitoweka saa zilezile ambazo hakuna wagonjwa. Akajumlisha mwenyewe: mama huyu anachomoa waya ili ajipumzishe. Akamtuma Mbona akakague. Mbona alikwenda asubuhi, foleni imejaa, mashine ikafanya kazi kama haijaugua maisha yake yote. Akaandika kwenye ripoti, "Kosa la mtumiaji." Karatasi ikaingia kwenye faili la Mama Mapokezi. Jumatatu akaambiwa kwamba mkataba wake unaoisha Ijumaa hautaongezwa.

Jumanne alikuja chumba cha fundi. Nilikuwepo, nimepeleka wino wa printa.

"Mwanangu, sikuja kugombana," alisema. "Waya siuchomoi kwa kupenda. Nauchomoa kwa sababu imelala."

"Mama, mashine hailali. Inazimika, au inakatika mtandao."

"Mimi nakwambia inalala. Nikiiacha kimya, inalala. Ukija wewe na watu wamejaa, itakuwa macho, utaona nini?"

"Sawa, mama."

Alisema sawa ile ya kumwondoa mtu mlangoni. Mama akatoka, na mimi nikadhani yamekwisha. Kumbe shemeji amebaki ameshika bisibisi, anatazama ukuta.

"Shemeji," akaniambia, "mtu anayechomoa waya ili apumzike, mbona mgonjwa akitokea anauchomeka mwenyewe haraka?"

Hapo nikajua wiki imeharibika.

Jumatano alibadilisha waya. Mchana mtandao ukapotea. Akahamisha waya kwenye tundu jingine la kisanduku cha mtandao. Ukapotea tena. Akaja stoo, akasaini kadi mpya ya mtandao, kile kibao kidogo ndani ya kompyuta kinachopokea waya, aina ileile ya iliyotolewa. Akaifunga, ikafanya kazi hadi foleni ilipoisha, kisha mtandao ukapotea kama mwanzo. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alikuwa anazidi kuchangamka, na ingekuwa ni mkataba wangu unaoisha Ijumaa, ningemzaba kibao.

Alhamisi alifanya jambo ambalo sijawahi kuona fundi akilifanya: hakufanya kitu. Aliigeuza kompyuta ya mapokezi mgongo umwelekee, akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akakodolea macho taa ndogo ya kijani inayowaka pale waya unapoingia. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni yake akamwuliza, "Wewe namba ngapi?" Shemeji akamjibu kwamba yeye anatazama taa. Mzee akamwambia kwa huruma kwamba hata yeye ilianza hivyohivyo.

Mzee alipoitwa kwa daktari, foleni ikawa imeisha. Mbona akamwomba Mama Mapokezi asiguse chochote. Wakakaa. Mama, mikono mapajani, akaanza kumweleza kwamba nyumbani ni yeye na wajukuu wawili, na kwamba kwa umri wake hakuna mlango mwingine atakaobisha akafunguliwa. Hakulalamika, alieleza tu. Dakika ya ishirini taa ikazimika. Hakuna aliyekuwa ameigusa mashine.

"Imelala," Mama akasema.

Shemeji alisimama polepole, akazunguka upande wa kiti, akafungua mipangilio ya ile kadi. Akashuka, akashuka, akafika mahali palipoandikwa kwamba kompyuta inaruhusiwa kukilaza kifaa hiki kisipotumika, ili kuokoa umeme. Pembeni pamewekwa alama ya tiki.

Neno lilikuwa ni hilohilo, kulaza. Mama alikuwa amempa jibu tangu Jumanne, kwa Kiswahili cha kawaida, naye fundi mzima alidhani ni maneno ya mtaani.

"Nani kaweka hiyo tiki?" niliuliza.

Uso ulimshuka. Miezi mitatu nyuma mkuu aliagiza tubane matumizi ya umeme, na fundi alipita mashine moja baada ya nyingine akiweka tiki hizo kwa mkono wake, na kadi ya Jumatano ilirithi mipangilio ya ile iliyotolewa. Kompyuta nyingine zina kadi za zamani, ukizigusa zinaamka. Ya mapokezi ni ya aina mpya, na ikishalala haiamki mpaka uchomoe waya. Kikulacho ki nguoni mwako, nilimwambia, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Akaondoa tiki. Tukakaa saa nzima pakiwa kimya, taa haikuzimika.

Hapa nakiri kosa langu. Nilimvuta pembeni nikamwambia aandike "waya ulikuwa mbovu, umebadilishwa". Mama atabaki na kazi, yeye atabaki na jina, dada yangu atalala usingizi.

"Waya haukuwa mbovu," alisema.

"Nani atajua?"

"Naogopa, shemeji. Usinisaidie kuogopa."

Ijumaa asubuhi tulikuwa wanne ofisini: mkuu, Mama Mapokezi, fundi, na mimi na daftari la stoo kuthibitisha ile kadi iliyobadilishwa. Shemeji alieleza yote akiwa amesimama. Mkuu alisikiliza, kisha akauliza, "Kwa hiyo aliyekosea ni nani?"

"Mimi. Niliweka tiki, halafu nikamwandikia mama kosa langu."

Mkuu akasema fundi atapata barua ya onyo, mkataba wa Mama utaongezwa, na wote turudi kazini, watu wanasubiri. Mimi nilishafika mlangoni. Mama Mapokezi hakuinuka.

"Naomba faili langu," alisema.

Mkuu akashangaa, lakini akalitoa kabatini. Mama akapekua taratibu mpaka akafika kwenye ile ripoti, akaiweka mbele ya shemeji na kumpa kalamu yake mwenyewe. Shemeji akainama. Akakata neno "mtumiaji" kwa mstari mmoja, juu yake akaandika "fundi".

Mama akavaa miwani, akasoma.

"Weka na tarehe, mwanangu," akasema.

Akaweka tarehe. Mama akachukua kalamu yake, akaenda kuwaandikisha wagonjwa.