Simu Mlangoni pa Papa Gédéon

Wivu wa mtoto ukimwona utaujua, maana atalia. Wa mtu mzima ndio mbaya, kwa sababu unavaa shati lililopigwa pasi na unasalimia watu asubuhi. Wa Gédéon ulivaa hivyo tangu Priscille alipofika.

Gédéon alizaliwa Yangambi, baba yake akiwa mtunza mashine kwenye kituo cha utafiti, naye akajua kufungua redio kabla ya kujua kuzifunga. Kisangani alikuja kijana, akapata kazi katika ofisi moja ya utafiti wa misitu pale Makiso. Walipoleta seva, ile mashine inayohifadhi barua pepe zote za ofisi, walimkabidhi yeye ufunguo wa chumba chake. Ufunguo tu, utasema. Lakini nikwambie, katika mji ambao courant, huo umeme wenyewe, inaaga Jumatatu na kurudi ikitaka, ufunguo wa chumba chenye umeme si kitu kidogo.

Maana seva ilikuwa na onduleur, sanduku la betri linaloishikilia courant ikikatika, mpaka ijizime polepole bila kuumia. Na onduleur ilikuwa na matundu ya kuchomeka. Basi asubuhi watu wakaanza kuja na simu: Berthe wa mapokezi, madereva, na jirani Bavon na mashine zake za kunyolea nywele.

"Papa Gédéon, unitafutie ka nafasi."

Naye alikohoa kwanza, akatazama dari kama mtu anayepiga hesabu nzito, ndipo akapokea. Hakuchukua franga ya mtu. Alichotaka ni ile sauti ya kuomba, na pengine lituma, ndizi za kupondwa, na samaki mchana. Kule kwake Mangobo walimwita Papa Courant, na alilipenda jina hilo kuliko lile alilobatizwa.

Ndipo akaja Priscille, binti wa Bukavu, mdogo kuliko mwanawe wa kwanza, aliyesomea hizo seva na anayesalimia wakubwa kwa mikono miwili. Mama Claudine, mkurugenzi, alimwambia Gédéon atamsaidia huyo mtoto. Ona basi, yeye amsaidie mtoto! Hata kabla hajakizoea chumba, Priscille akaona zile simu.

"Papa Gédéon, pardon," alisema. "Hizi simu ziko nakula betri. Courant ikikatika, seva itaanguka mara moja, barua za watu zitaharibika. Tuzitoe?"

"Ni wewe unasema, Mademoiselle."

Akazitoa mbele yake. Watu walipokuja aliwatuma wakamuulize Mademoiselle, akitumaini watamchukia. Wapi! Berthe alisema mtoto yule ana adabu. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mwenyeji ndiyo kwanza alianza kuugua. Nyumbani akamwambia mkewe Stéphanie kwamba kuna binti kazini anajifanya anajua kila kitu.

"Na kama anajua kweli?" Stéphanie akauliza, akiendelea kukunja nguo.

Kesho yake Gédéon alifika ofisini kabla ya wote.

Basi akazirudisha zile simu. Taratibu, nyuma ya kabati, penye nyaya nyingi: kwanza mashine za Bavon, halafu simu ya dereva, halafu za wote. Alisikia tena "Papa Gédéon" ikisemwa kwa kunong'ona, na kwake kunong'ona kulikuwa kutamu zaidi. Priscille hajui, alijiambia. Kumbe hajui yote!

Ikaja ile mvua ya adhuhuri, mti ukaangukia nyaya za barabarani, na mtaa mzima ukazimika. Onduleur ililia mara mbili ikanyamaza. Seva ikafa ikiwa katikati ya kuandika. Walipowasha groupe, jenereta ya nyuma ya nyumba, seva iliwaka lakini ikaandika kwenye kioo kwamba diski yake haisomeki. Barua za miaka yote zilikuwa mle, za msitu wa Masako wanaoutafiti, za wafadhili, za mikataba.

Mama Claudine alisimama mlangoni. "Zisiporudi," alisema bila kupaza sauti, "kuna mutu hapa hatarudi kazini."

Priscille alichutama nyuma ya kabati kukagua nyaya, na mkono wake ukasimama. Gédéon alimwona anaziona: simu, mashine za Bavon, yote. Priscille akainuka.

"Tusitengeneze diski hii kwanza," alisema. "Tutoe nakala yake, tutengeneze nakala. Tukikosea, ya mwanzo bado iko. Lakini itachukua muda, na groupe ikizimika katikati, diski inaweza kufa kabisa. Papa Gédéon, unichungie groupe."

Akaenda nyuma na bidoni la mafuta. Akakaa juu ya tofali, akasikiliza injini, na wivu ukamkalia kando na kumwambia maneno. Usimimine. Groupe imezimika yenyewe, nani atabisha? Barua zitapotea mikononi mwake, si mwako. Atarudi Bukavu na masomo yake. Nisikudanganye, aliyasikiliza yote, na yalimkaa vizuri. Injini ikaanza kukohoa. Gédéon akaitazama. Ikakohoa tena, na mikono yake, iliyozoea kazi kuliko kufikiri, ikafungua kizibo na kumimina injini ikinguruma, jambo ambalo hakuna fundi atakushauri ulifanye. Si wema uliommiminisha. Hakuweza tu kuisikia mashine ikifa.

Kuelekea jioni barua zilirudi, isipokuwa chache za adhuhuri ile. Watu walipiga makofi. Mama Claudine akauliza kwa nini onduleur haikushika.

Gédéon akatupa jicho nyuma ya kabati.

"Ni betri, Mama," Priscille akasema, akikunja waya. "Zilichoka."

Afadhali angemshitaki! Angeweza kumchukia kwa raha. Sasa hata wema alikuwa ameuchukua yeye, na Gédéon hakubakiziwa kitu.

Wiki iliyofuata alikuta ubao ukutani kwenye korido, umepigiliwa soketi nyingi, umeme wake ukitoka kwenye laini ya kawaida, mbali na onduleur. Ilikuwa kazi ya Priscille, kwa ruhusa ya mkurugenzi. Watu walikuwa wamepanga mstari na simu zao. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyetazama dari. Gédéon alipita akiangalia chini.

Nyumbani Mangobo kulikuwa giza kwa siku kadhaa. Asubuhi Stéphanie akamtia simu yake mkononi.

"Imezima. Umupe Priscille aniwekee courant."

"Mimi siwezi kuiweka?"

"Si banasema ni yeye sasa?"

Akaibeba. Kwenye korido alisimama nyuma ya Bavon, akitayarisha la kusema: kwamba si yake, ni ya mkewe, kwamba yeye amepita tu. Priscille akageuka, akamwona.

Na Gédéon akajisikia akisema, kwa sauti ile ile aliyoijua vizuri kuliko mtu yeyote Kisangani:

"Mama Priscille, unitafutie ka nafasi."