Mlango wa Baba Uwanjani

Miaka ile watoto wengi wa Temeke hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na waliokuwa nacho, mara nyingi kiliandikwa na mtu aliyetaka mtoto awe mdogo kuliko alivyo. Kwa hiyo kwenye mashindano makubwa ya vijana umri haukuulizwa kwa karatasi. Ulipimwa kwa mbao. Pembeni ya uwanja ulisimamishwa mlango usio na nyumba, miimo miwili na kizingiti cha juu, na kila mchezaji alipita chini yake peku kabla ya mechi. Kichwa kikigusa, umeshakuwa mtu mzima, nenda nyumbani.

Mlango ule aliuchonga baba yangu.

Alikuwa seremala wa Keko, mmoja wa wale wanaofanya kazi kando ya barabara, vitanda na makabati yakila vumbi na mafundi wakila vumbi hilohilo. Kiwanda kimoja cha sabuni kilipojitolea kudhamini mashindano, timu zikaja kutoka Kinondoni, Kigamboni, mpaka Gongo la Mboto, na waandaaji wakamjia baba kwa sababu alijulikana kuwa mkali wa vipimo. Akachagua mkongo, mbao isiyopinda kwa jua wala kwa mvua. Akaupiga randa, akaupaka vanishi kama mlango wa mtu atakayeingia na bibi harusi. Kila Jumapili ya mechi alitangulia uwanjani na pima maji yake, akahakikisha umesimama sawa, kisha akakaa pembeni yake kwenye stuli. Wazazi wa timu zote walimwita fundi. Na mimi, binti wa fundi, nilijiona kama binti wa refa.

Kaka yangu alikuwa akichezea timu ya mtaani kwetu, winga wa kushoto. Sikumbuki kumwona akikimbia. Nakumbuka tu kwamba alikuwa hapa, halafu alikuwa kule, na beki alikuwa amekaa chini. Hakuwa amechaguliwa kwenda sekondari, na wakati ule viti vya plastiki vilikuwa vimeanza kushuka bandarini, watu wakipita mbele ya viti vya baba na kusema vizuri, lakini vizito. Shule ya kulipia haikuwemo hata katika mazungumzo. Lakini kulitangazwa kwamba siku ya fainali atakuja mwalimu wa michezo wa shule moja ya bara, na atachukua vijana wawili akawasomeshe bure, wapate kula, wasome, wachezee shule. Nyumbani kwetu maneno hayo yalisemwa mara moja tu, na baada ya hapo hayakusemwa tena, kama watu wanavyoacha kutaja mimba changa.

Tulikwenda wote kila Jumapili. Mama alifunga kanga kiunoni, akabeba uji kwenye chupa ya chai na vitumbua kwenye bakuli, akaketi na wamama wengine upande wa kwetu, karibu na mama wa golikipa. Mama wa golikipa alikuwa jirani yetu, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye dua fupi na matusi marefu. Ng'ambo ya uwanja walikaa wazazi wa timu nyingine. Hapo katikati watoto walicheza mpira, lakini mechi ya wazazi ilikuwa imeshaanza zamani.

"Dada, huyo namba saba ni mwanao au mumeo?" mama wa golikipa aliwapigia kelele wale wa ng'ambo.

"Ni mwanangu. Mume nimemwacha nyumbani ananyonyesha," mmoja akajibu, na pande zote mbili zikacheka.

Mwanzoni kaka alipita mlangoni bila kufikiri, na kiganja cha baba kingeweza kulala kati ya kichwa chake na kizingiti. Lakini mashindano yalikuwa marefu, na kaka alikuwa katika umri ambao mtoto hulala mfupi akaamka na miguu ya mtu mwingine. Alirefuka kama mhindi uliopata mvua. Suruali zikamkimbia vifundo vya miguu. Kwenye nusu fainali nywele zake ziligusa mbao, mwamuzi akainama kutazama, akasema nywele si kichwa, pita. Upande wa pili walizomea. Baba hakuinua macho kutoka kwenye pima maji yake.

Jioni ile tuliporudi, mama alimsimamisha kaka kwenye ukuta, akachora alama kwa mkaa. Baba alikuwa ananawa miguu uani.

"Fundi," mama akasema. Alimwita hivyo alipotaka kumtania au alipotaka jambo. "Mbao ni yako, randa ni yako. Pitisha mara moja tu, kwa chini. Nani ataona?"

"Mie nitaona."

"Wewe ni baba yake."

"Mbao ilikuwa yangu ilipokuwa Keko. Nikishaisimamisha pale, ni ya watoto wa watu. Wangapi wamerudishwa na mlango ule, wakalia mbele yangu? Niwaambie nini wazazi wao?"

"Hawatakuuliza."

Baba akamwaga maji ya miguu taratibu, akasema, "Akipita, amepita. Asipopita, Mungu hakumnyima miguu." Akaingia ndani. Kaka alibaki ukutani mgongo ukiwa umekazwa, kana kwamba bado anapimwa.

Ni mama wa golikipa aliyeleta habari ya maji. Alisema kila mtu anajua, mtu huwa mrefu asubuhi na mfupi jioni, na aliyebeba mzigo kichwani hupungua zaidi. Angalieni wachukuzi wa sokoni, alisema, mmeona mrefu? Mama alisikiliza huku akichambua mchele. Lakini alfajiri ya siku ya fainali niliamshwa na kishindo cha ndoo.

Bomba lililokuwa likitoa maji lilikuwa mbali, upande wa pili wa reli. Kaka alikuwa amevaa bukta, na kichwani mama alikuwa amemviringishia kanga kuukuu kuwa ngata. Baba alikuwa amekwenda Keko kumalizia kabati la mtu, kutoka huko aende moja kwa moja uwanjani. Kaka akaenda na ndoo, akarudi. Akajaza pipa letu. Pipa likajaa, mama akasema bado, jaza la jirani. Jua likapanda, naye akawa anajaza madumu ya watu hata wasiomwomba. Mama alimpima ukutani, akamrudisha. Mimi nilimfuata nikiwa na kikombe, nikimnywesha safari moja moja.

Bibi mmoja wa nyumba ya tatu, ambaye hakuwa na mjukuu wa kumchotea, alitoka na fimbo yake akamshika kaka mkono.

"Nani kakulea wewe? Mungu akukuze, mwanangu. Akukuze uwe mkubwa."

"Si leo, bibi," mama akasema haraka. "Tafadhali, dua hiyo iwe kesho."

Bibi hakuelewa. Kaka alicheka mpaka maji yakammwagikia mabegani, na mama naye akacheka, na mimi. Hicho ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka cha watu watatu kwa pamoja.

Mchana mama akamnyoa kwa wembe, kipara kitupu, akampaka mafuta ya nazi kidogo. Akampima. Alama ya mkaa ilikuwa juu ya kichwa chake kwa upana wa ncha ya kidole. Mama akaibusu ile alama ukutani. Si kichwa cha kaka, ukuta.

Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya kuta za shule. Waandaaji walikuwa wamefunga vipaza sauti, watu wa kiwanda wakigawa vipande vya sabuni. Chini ya turubai alikaa yule mwalimu wa bara, mtu mpole mwenye kofia ya chepeo, magoti yamebanana. Wazazi wote walimtazama yeye huku wakijidai wanatazama mpira. Baba alikuwa kwenye stuli yake.

Wachezaji wakapanga mstari. Ilipofika zamu ya kaka, ng'ambo wakaanza.

"Huyo kanyoa na ndevu!"

"Mleteni mkewe atoe ushahidi!"

Kaka akaingia chini ya kizingiti, akasimama. Mwamuzi akapitisha kipande cha karatasi kati ya kipara na mbao. Karatasi ikapita. Mama akapiga kigelegele kirefu kuliko cha harusi yoyote, na mama wa golikipa akampokea. Baba alimtazama kaka, akautazama mlango, akaugusa mwimo kama mtu anayemgusa ng'ombe aliyemtii. Niliona uso wake ukilegea. Alifurahi, baba yangu. Alidhani uaminifu wake umelipwa.

Dakika za mwanzo kaka alikuwa kaka. Alimpita beki mara moja, na mwalimu wa chepeo akainama mbele. Halafu nikaanza kumwona akikimbia. Ndivyo ninavyoweza kulisema: kwa mara ya kwanza niliona kila hatua, mguu ukinyanyuka, mguu ukitua. Shingo yake ilikuwa imekakamaa kama bado kuna ndoo juu yake. Mpira ukamjia mbele ya goli tupu, golikipa wao alikuwa ameshaanguka upande mwingine, na wazazi wetu walikuwa wameshasimama. Kaka akavuta mguu nyuma kupiga, na mguu haukurudi. Misuli ilimkamata. Akaanguka pale pale, ameshika paja, na mpira ukapita polepole pembeni yake kama mtu asiyetaka kusumbua.

"Mzee kachoka!" ng'ambo wakaimba. "Mpeni fimbo!"

Baba akaingia uwanjani. Alimbeba mgongoni, mtoto karibu mrefu kama yeye, miguu ikining'inia, akamleta mpaka kwenye kivuli cha mlango, akamlaza. Akaanza kumkanda mapaja. Kisha akakiinua kichwa chake ili amnyweshe maji, na hapo akaona. Juu ya kile kipara, mafuta yakiwa yameshakauka kwa jua, kulikuwa na duara jekundu lililochorwa na ngata.

Mama alikuwa amefika, amesimama na chupa ya uji mkononi.

"Umembebesha maji," baba akasema. Hakupaza sauti. "Mtoto ana mechi, umembebesha maji."

"Wewe si ulimzuilia mlango?"

"Ungeniambia."

"Nilikwambia, fundi. Nilikwambia uani."

Kaka alikuwa amefumba macho kati yao. "Mie mwenyewe nilitaka kubeba," akasema. "Mama alinikataza."

Wote wawili walijua kwamba si kweli, na hakuna aliyeweza kumkatalia. Mechi iliendelea nyuma yetu. Tulifungwa bao moja, ingawa golikipa wetu aliokoa mengi, na mwalimu wa chepeo alipoinuka kwenye kiti alimchagua yeye na kijana mmoja wa Kigamboni. Mama wa golikipa alilia kwa furaha, kisha akamwona mama, akajifunika mdomo kwa kanga. Jioni alileta pilau nyumbani. Mama alimpokea mlangoni, akamwambia hongera, akaila mbele yake mpaka sahani ikaisha. Kaka alimpa golikipa viatu vyake vya mpira vya mitumba, vya rangi nyekundu. Vilikuwa vikubwa kidogo. Alimwambia aweke pamba.

Baba na mama hawakugombana tena juu ya jambo lile. Ingekuwa afadhali. Walianza kuongea kwa adabu, kama wageni wanaogawana chumba cha hospitali, na mama hakumwita tena fundi.

Waandaaji waliuacha mlango uwanjani. Watu walipoanza kuutamani kuwa kuni, baba aliufuata kwa mkokoteni, akauegemeza ukutani uani kwetu, penye ile alama ya mkaa. Alipokuja kujenga jiko la nje, akaufunga pale kwa sababu mbao nzuri haitupwi. Kaka alikuwa ameshakua sana, akifanya kazi Keko na baba siku kazi ilipokuwepo. Kila alipoingia jikoni aliinama. "Fundi," alikuwa akisema, yeye peke yake aliyekuwa bado anamwita hivyo, "mlango wako bado unanikataa." Baba alitabasamu akitazama pembeni.

Kazi zilipozidi kupungua, kaka akaanza kushinda bandarini na vijana waliokuwa wakizamia meli, wakijificha ndani mpaka nchi nyingine. Asubuhi moja alijaza pipa la maji bila kuombwa, akajaza na madumu ya bibi wa nyumba ya tatu. Akaja jikoni, akainama, akachukua kitumbua. Hatukumwona tena. Mtu mmoja alisema alimwona bandari ya kusini, mwingine akasema meli aliyoizamia haikuwa na mtu aliyeshuka. Mama aliwasikiliza wote wawili kwa usawa.

Nyumbani kwetu sasa hakuna mrefu. Baba amesinyaa, mimi nilichukua kimo cha mama, na kizingiti kile kiko juu ya vichwa vyetu. Lakini mama akiingia jikoni, hata kama mikono imejaa vyombo, huinama. Juzi nilimwona baba akimtazama kutoka kwenye stuli yake. Akainuka kwenda kumpokea sufuria, na alipofika mlangoni, naye akainama.