Kishamba cha Nyuma ya Jikoni

Kwa miaka mingi Linah Chelagat alikuwa na mashamba mawili ya viazi huko Keringet, moja la kuuza na moja la kula. La kuuza linashuka mteremko mpaka kijitoni, na mumewe Kipkemoi alilipiga dawa mvua ikitishia kunyesha, ikinyesha, na ikiisha kunyesha, maana ukungu ukishaingia kwenye viazi hauulizi mwenye shamba ana karo ya nani. La kula lilikuwa nyuma ya jikoni, dogo kiasi kwamba jogoo angelivuka bila kupumzika. Hilo halikuonja dawa hata siku moja. Likipatwa na ukungu, liliachwa life kwa heshima zake.

Usimwone Chelagat mtu mbaya. Karibu kila boma la upande ule lina kishamba kama hicho, na hakuna anayekitaja. Ni kama nguo ya ndani: kila mtu anayo, lakini haiwekwi kwenye ajenda ya mkutano. Mkulima anajua kilichomo kwenye pampu yake ya mgongoni kwa sababu kimeshamwasha macho na shingo, kwa hivyo tahadhari anaianzia kwenye tumbo lililo karibu. Nakuru ni mbali, na watu wa Nakuru wana hospitali.

Viazi vya mteremkoni vilifika Nakuru kwa mkono wa Hemed, mkaanga chipsi wa karibu na soko. Babu yake alitoka Pwani kuja kufanya kazi ya reli, akamwachia mjukuu kofia, nyumba nyembamba na siri ya sosi ya ukwaju. Hemed hamwamini dalali yeyote, kwa hivyo alipanda na lori mpaka Keringet kuchagua viazi mwenyewe. Kila alipofika, Kipkemoi alimkamata jogoo na kumkabidhi mgeni pamoja na kisu. Hemed alielekea kibla, akachinja, kisha Chelagat akapika. Hakuna aliyeeleza chochote. Mgeni ana masharti yake, na masharti ya mgeni yanaheshimiwa.

Jogoo akiwa motoni, Chelagat alizunguka nyuma ya jikoni na kuchimbua viazi. Hemed alivisifu kila mara, akidhani ni ndugu wa damu wa vile vilivyokuwa vinapakiwa kwenye lori.

Basi mwaka jana shirika fulani likaitisha semina ya sumu za mashambani kwenye hoteli moja ya Nakuru. Kikundi cha akina mama kilimtuma Chelagat kwa sababu ana koti zuri na haogopi maikrofoni. Alipewa mkoba, kalamu, na chupa ya maji, ambayo ndiyo dalili ya kwanza kwamba mazingira yanajadiliwa. Mbele alisimama wakili Nderitu, mwembamba, viatu vinang'aa kama vimekaangwa.

Ni haki kusema kwamba Nderitu aliongea vizuri. Alieleza kanuni ya tahadhari ya sheria za kimataifa: kitu kikitishia kuleta madhara makubwa, hukai ukingoja wanasayansi wamalize kugombana ndipo uchukue hatua. Kutokuwa na uhakika si ruhusa ya kuendelea. Halafu akasimulia nchi zinazokataza sumu fulani kwenye mashamba yao, lakini viwanda vyao vinaitengeneza na kuipakia melini ije kwetu. Upo mkataba uliopewa jina la mji wa Rotterdam, akasema, unaotaka anayetuma atoe taarifa na anayepokea aulizwe kwanza. Ila sumu mpya ikitaka kuingia kwenye orodha ya mkataba, nchi zote zikubaliane, hata zile zinazoiuza.

Hapo Chelagat alisimama. Maikrofoni ilimkuta katikati ya sentensi. Alitaka kuelezwa mtu anawezaje kumtumia mwenzake kitu ambacho yeye mwenyewe hathubutu kukila, halafu ajiite jirani. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mzee mmoja, mkulima wa huko Bahati, aligonga meza mpaka chupa yake ya maji ikaanguka.

Mlangoni alikuwepo Hemed, aliyekodiwa kuleta chipsi za lanchi. Naye alipiga makofi, koleo la kuokotea chipsi likiwa bado mkononi, akiwaonyesha wahudumu kwamba yule mama ni mtu wake. Kisha makofi yake yakaanza kupungua kasi. Ungeweza kuliona wazo likimfikia polepole, kama baiskeli inayopanda mlima.

Baada ya lanchi alimngoja Chelagat karibu na mabomba ya kunawia.

"Mama Cheruto, umeongea vizuri sana."

"Asante, Baba Jannat."

"Nikikuja kwako, ile waru unanipikianga inatoka wapi?" akauliza, maana viazi mjini huitwa waru.

Chelagat aliangalia ndani ya mkoba wa semina. Hamkuwa na msaada, mlikuwa na kalamu.

"Nyuma ya jikoni."

"Na yangu ya gunia?"

"Huko chini."

"Kuku mnaniachia nichinje mwenyewe, juu mnajua sikulangi bila kujua imechinjwa vipi. Hamjawahi niuliza ushahidi. Sasa waru ndiyo mliona nikule tu?"

Chelagat akaanza kueleza kwamba hakuna aliyewahi kuthibitisha kuwa viazi vya huko chini vimemdhuru mtu. Katikati ya maneno alijisikia. Ni yale yale ambayo wakili, kabla tu ya lanchi, alikuwa amesema ndiyo wimbo wa viwanda. Hemed hakupaza sauti. Alimwambia viazi vinauzwa hata huko Bahati, akaenda kukusanya sahani zake.

Lori la Hemed halikuja msimu ule. Madalali walinunua kila gunia bila hata kushuka garini, na hakuna aliyeomba maji ya kunywa wala kuuliza habari za binti yao Cheruto aliyeolewa Molo. Jogoo aliyetengewa Hemed akazidi kuzeeka, akatembea uani kama mstaafu mwenye pensheni. Kila Chelagat alipomwona, alimtupia punje za mahindi na kuangalia barabarani.

Mvua za mwezi wa tatu zilipokaribia alichukua jembe, akakipindua kishamba cha nyuma ya jikoni na kukitia vitunguu. Alimwambia mumewe kwamba kuanzia sasa viazi vya nyumbani vitatoka chini, pale pale pa kuuza.

Kipkemoi ndiye aliyejua vizuri kuliko wote alichokuwa akikimwaga huko chini. Alipatwa na mapenzi ya ghafla ya kabichi. Alikula ugali kwa mboga mpaka mboga zikamchoka yeye. Kisha, bila kusukumwa na mkataba wowote, akabadilika. Aliacha kuchanganya dawa tatu kwenye pampu moja kwa sababu tu jirani amesema. Alivaa miwani na kusoma kwenye chupa ni siku ngapi za kungoja kabla ya kuvuna. Alipanda mbegu inayostahimili ukungu, na ukanda wa kando ya kijito akauacha bila dawa kabisa. Mavuno yalipungua, na alilalamika, lakini alilalamika akila viazi.

Chelagat akampigia simu Hemed. Hakuomba anunue. Alimwambia aje aone.

Hemed alikuja, kofia kichwani, uso wa mtu wa forodha. Kipkemoi akamkabidhi jogoo na kisu. Alipomaliza kuchinja, Chelagat akamkabidhi jembe.

"Chagua laini ya viazi mwenyewe," akamwambia. "Chimba mwenyewe."

Hemed alitembea mteremkoni akakwepa mistari ya mwanzo, akidhani imeandaliwa kwa ajili yake, akachimba katikati ya shamba. Viazi vikapikwa, sinia ikawekwa mezani.

"Sasa hii iko salama?" akauliza.

"Sijui," Chelagat akasema. "Hata yule wakili hajui. Ndio maana tumepunguza dawa, na ndio maana siku hizi tunaanza kuikula sisi."

Hemed akamgeukia Kipkemoi. Kipkemoi akachagua kiazi kikubwa kuliko vyote, akakitafuna taratibu, kwa uzito wa waziri anayetia sahihi mbele ya kamera. Hemed alingoja, maana tahadhari ni tahadhari. Kipkemoi alimeza, akaomba chumvi, akachukua kingine.

Ndipo Hemed akavuta sinia upande wake. Alikula viazi, akanywa mursik, yale maziwa ya kibuyu, akasema lori litakuja Jumatatu. Kisha akaling'ang'ania paja la jogoo kwa meno ya mbele, ya kando na ya nyuma, akaliweka chini, na kwa adabu zote akauliza kama mnyama huyu alikuwa na kitambulisho.

"Si ni wewe ulichelewa," Chelagat akamwambia, akamwongezea mchuzi.