Breki ya Gambuti

Mimi ni mwalimu wa Gredi ya Nne hapa Kiptere, na tangu wiki jana nikienda dukani napitia nyuma ya manyumba.

Siku hiyo tulikuwa tunasoma nguvu na mwendo. Watoto walikuwa wameunda mkokoteni wa mbao, na breki yake ilikuwa kipande cha gambuti kuukuu. Tulipanga kuusukuma mtupu kwenye mteremko wa shule, basi.

Lakini wazee wawili waliovaa makoti wakaingia getini, wakasimama kando, wakinitazama. Mmoja akamnong'onezea mwenzake. Nikajua hao ni wakaguzi wa elimu, maana tulikuwa tumeambiwa watakuja bila kutangaza. Nikaanza kunusa cheo. Nikapanda mkokoteni mimi mwenyewe, na tai yangu shingoni, nikapaza sauti: "Watoto, msuguano utanisimamisha pale chini!"

Msuguano ulikataa kazi. Gambuti iling'oka katikati ya mteremko, nikapasua ua wa shule, nikazama kwenye majani chai ya shamba la jirani kichwa kwanza. Watoto walipiga makofi, wakaomba nirudie.

Wazee walishuka polepole, wakanivuta miguu. Nikatema majani. "Wakaguzi," nikasema, "hiyo breki tutairekebisha."

Wakatazamana.

"Wakaguzi gani?" mmoja akauliza. "Pole, mwalimu. Sisi ni wajomba wa Cherotich. Tumetumwa tuone huyo kijana anataka kuoa msichana wetu. Tuliambiwa ni mtu ametulia."